Kamshafti ya Daktari wa Kiwanda

Jumatatu saa nane na nusu mchana, gari la daktari wa kiwanda lilisukumwa na watu wanne mpaka ndani ya gereji, likaegeshwa juu ya shimo, na daktari mwenyewe akaja nyuma kwa miguu akiwa amekumbatia boksi jembamba la karatasi ngumu. Lilikuwa gari la Kiingereza la milango minne, rangi ya maziwa, lililomzidi daktari umri kwa miaka kumi. Alilirithi kwa baba yake na alilipenda kuliko alivyowapenda watu wengi. Fundi akauliza limefanyaje. Daktari akasema limeishiwa nguvu, mlima mdogo tu linahema, linapiga chafya kwenye kabureta, na watu wa kiwandani wamemwambia kamshafti, ile fimbo ya chuma yenye nundu za kufungulia valvu, imelika.

"Wamenipa na nyingine," akasema, akalifungua boksi juu ya meza ya vifaa kwa uangalifu wa mtu anayemfunua mtoto mchanga. "Mpya kabisa. Ilikuwa imekaa stoo."

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mfupi, mwenye viganja vipana, na mji mzima haukuwa na mwingine aliyeweza kuifungua injini ya namna ile na kuirudisha bila kubakiwa na nati mfukoni. Ndiyo maana daktari alikuja kwake. Hakuwa na habari kwamba mzee aliyekaa kwenye kigoda pembeni ya meza, akisugua bolti kwa brashi ya waya ndani ya beseni la mafuta ya taa, alikuwa baba yake fundi. Akamwamkia, "Shikamoo mzee." Mzee akaendelea kusugua. Daktari akamtazama fundi kwa uso wa mtu aliyedharauliwa.

"Hasikii," fundi akasema.

"Oo, pole yake. Tangu lini?"

"Wewe uliandika tangu kuzaliwa."

Daktari alimtazama mzee kwa mara ya pili, safari hii kwa muda mrefu zaidi kidogo. Akasema huwa anaandika mengi. Kisha akauliza gari litakuwa tayari lini, maana Jumatatu inayofuata ana safari.

Ni vizuri kueleza hapa mambo yalivyokuwa, ingawa kuyaeleza kunachefua. Kiwanda kile kilitengeneza spea za magari ambayo watengenezaji wake wenyewe walishaacha kuyatengeneza zamani. Chumba namba tatu kilikuwa cha wanoaji, watu sita na mawe sita ya kunolea chuma, na humo mzee alisimama miaka ishirini na sita akinoa kamshafti. Mawe yote yakizunguka, ungeweza kumpigia mwenzako kelele sikioni na yeye akabaki anakutazama midomo. Vizibo vya masikio vilikuwepo. Vilikaa kwenye kabati la mkuu wa stoo, vikatolewa siku za wageni, na jioni ya siku hiyo hiyo vikakusanywa, vikahesabiwa, vikaoshwa kwa maji ya sabuni, vikafungiwa tena visije vikachakaa. Siku zisizo na wageni wanoaji walitia pamba. Mke wa mzee alikuwa akimchambulia pamba ya wiki nzima kila Jumapili, kutoka kwenye godoro lao wenyewe, mpaka upande mmoja wa godoro ukawa na bonde.

Mwaka jana mzee alipewa barua ya mistari sita. Ilisema uchunguzi wa kitabibu umebaini kwamba mfanyakazi huyu alizaliwa kiziwi, kwamba aliuficha uziwi wake siku ya kuajiriwa, na kwamba kwa udanganyifu huo kazi yake inakoma leo saa tano asubuhi. Chini palikuwa na sahihi ya daktari, nzuri, yenye mkia mrefu. Msimamizi akamwashiria kwa kidole amalizie kwanza ile iliyokuwa mashineni.

Uziwi mzee alikwishauzoea. Kilichomchoma ni lile neno udanganyifu. Alikuwa mtu ambaye akiokota msumari wa kiwanda kwenye pindo la suruali yake nyumbani, kesho anaurudisha. Alitaka neno hilo lifutwe na liandikwe la kweli, kwamba aliingia pale anasikia na ametoka hasikii. Hakutaka kingine, na binti yake alikuwa amekwisha kuandika malalamiko mara saba kuomba jambo hilo moja. Majibu yote saba yalikuja yakisema barua yake imepokelewa.

Jumanne fundi aliitoa injini, akaivua silinda hedi, akachomoa fimbo za kusukuma valvu akazipanga kwa namba kwenye ubao wenye matundu, akaitoa kamshafti ya zamani. Kweli ilikuwa imelika. Nundu mbili kati ya nane zilikuwa zimekwisha makali yake, zimekuwa duara kabisa. Akampa baba yake ile mpya aikague, kama alivyokuwa akimpa kila kitu kilichonolewa.

Mzee alijifuta mikono kwenye suruali, akaipitisha kamshafti polepole chini ya kidole gumba, nundu moja baada ya nyingine, mpaka mkiani. Mkiani kulikuwa na mkwaruzo mdogo, wa kupinda, usiozidi punje ya mchele.

"Hii niliinoa mimi," akasema. Alikuwa akiongea kwa sauti kubwa siku zote, kwa kuwa hakuwa na kipimo. "Hii ndiyo ya siku ile ya barua."

Fundi akachukua chaki. Waliandikiana juu ya bati la meza, na kufuta kwa kiganja. Akaandika, *Una hakika?*

"Mama, mtu hasahau mkono wake."

Wakailaza juu ya blanketi. Ilipokuwa imelala pale ilikuwa ikinong'ona. Fundi viti wa kibanda cha pili, aliyekuwa akishona viti vya magari na kuingilia mambo ya watu, akachungulia akaomba redio ipunguzwe sauti kidogo.

"Hatuna redio," fundi akamjibu. "Ni kamshafti."

"Aa," akasema fundi viti, akaja akaiinamia. "Ya mzee?"

"Ya mzee."

Maneno anayoambiwa mtu, au yanayosemwa karibu naye, asiyasikie huwa hayapotei. Humganda nje ya masikio, na yeye mwenyewe hana habari. Mzee alikuwa akienda nayo kazini kila asubuhi, na mashine ilipoanza kumtikisa, yakawa yanadondoka pamoja na maji ya kupozea, yanaingia kwenye chuma. Wanoaji wote wa chumba namba tatu walilijua hilo na hakuna aliyeliona kuwa kubwa. Walichokuwa wakilalamikia ni vizibo. Kuna magari mengi barabarani yananung'unika kwa sababu hiyo, na wenyewe hudhani ni tapeti zimelegea. Kwa kawaida kamshafti moja hupata maneno mawili matatu. Lakini siku ile ya barua mzee alitetemeka mbele ya jiwe kuliko siku zote, na hayakuwa matetemeko ya mashine, ilikuwa hasira, na yakadondoka yote kwa pamoja, hata ya zamani yaliyokuwa yameng'ang'ania.

"Sasa wewe," fundi viti akasema, "si uifunge shaghalabaghala tu, imfie njiani huyo bwana? Nani atajua?"

"Mimi nitajua," fundi akasema. "Na kamshafti yenyewe ina kosa gani?"

Aliifunga kama alivyofunga zote, yaani kwa ukaidi. Tapeti za zamani, vile vikombe vidogo vya chuma vinavyosukumwa na nundu, alizitupa zote, maana tapeti iliyozoea kamshafti nyingine huitafuna mpya kwa siku moja. Akapaka grisi nyeusi ya kuanzia kwenye kila nundu, nene, akaisukuma shafti ndani ya bloku taratibu akiizungusha ili isikwaruze bushi, huku mzee ameshika upande wa pili kuipokea. Akavisha sproketi mbili, magurudumu ya meno, na cheni yake. Alhamisi mchana daktari alipita kuangalia, akamkuta amefunga bati la digrii mbele ya injini na saa ya kupimia juu ya fimbo ya valvu ya kwanza, anazungusha injini kwa mkono, kidogo, anasoma, anaandika.

"Nilidhani ni kulinganisha zile nukta tu," daktari akasema. Kwenye kila sproketi kulikuwa na nukta moja iliyogongwa kiwandani, na mafundi wengi huzitazamisha, wakafunga, wakaenda kula.

"Nukta ni maneno ya kiwanda, Dokta. Mimi napima."

"Na umepataje?"

"Imechelewa digrii nne. Nukta zinasema iko sawa. Injini ingewaka, ungefurahi, na mlimani ungerudi kuwa pale pale."

Alibadilisha kii, kile kichuma kidogo kinachoishika sproketi isiteleze juu ya shafti, akatia kingine chenye ngazi, akapima tena mara tatu mpaka valvu ikafunguka pale inapostahili. Daktari alisimama akamtazama muda wote huo. Akasema anapenda kuona mtu makini kazini. Alisema hivyo huku mzee amekaa hatua mbili kutoka alipo.

Jumamosi saa nne asubuhi injini ilikuwa imerudi ndani ya gari, rejeta imejazwa, oili mpya imetiwa, betri imechajiwa. Daktari alikuwepo. Fundi viti pia alikuwepo, na hakuna aliyemwita. Fundi akaeleza masharti. Kamshafti mpya na tapeti mpya hazijazoeana, na zinazoeana mara moja tu katika maisha yao, dakika ishirini za kwanza. Injini ikiwaka inapigwa resi mpaka mizunguko elfu mbili kwa dakika na inabaki hapo hapo. Ikishuka, oili haifiki vizuri kwenye nundu. Ikizimwa kabla ya muda, nundu zinalika na kazi yote imekwenda na maji.

"Kwa hiyo tukiwasha hatuzimi," akasema. "Hata litokee nini."

"Resi nitakanyaga mwenyewe," daktari akasema. "Gari langu."

Akaketi nyuma ya usukani. Injini ilishika mara ya pili, ikanguruma, na fundi akamwonyesha kwa mkono, panda, panda, hapo. Akatazama saa ya ukutani. Mzee alikuwa ameweka kiganja chake juu ya mfuniko wa valvu, anasikiliza kwa mkono.

Dakika ya kwanza ilikuwa mlio wa injini tu. Ya pili, kwenye bomba la moshi pakatoka sauti ya mtoto ikisema jamani Baba unanikanyaga mguu. Kisha mtu akasema hodi, akasema tena, akaondoka. Kisha jirani akauliza habari za asubuhi, tena na tena, kwa miaka, kila mara kwa sauti kavu zaidi, mpaka akaacha kuuliza. Sauti zilikuwa safi, kila moja imekaa mahali pake, maana taimingi, ule wakati wa valvu kufunguka, ilikuwa sawasawa. Kama fundi angefuata zile nukta yangetoka kwa mvurugano.

"Hii kazi safi," fundi viti akasema, akakaa juu ya tairi.

Dakika ya sita msichana akasema, "Baba, nimepata kazi gereji. Baba, umesikia? Wamenichukua." Fundi aliitambua sauti yake mwenyewe ya miaka kumi na saba iliyopita. Siku ile baba yake aliendelea kula bila kuinua macho, na yeye akatoka nje akalia, na kwa miaka kumi na saba aliamini kwamba mzee hakuipenda kazi ile kwa kuwa yeye ni mwanamke. Akachukua tochi akaangalia kama rejeta inavuja. Haikuwa inavuja.

Dakika ya tisa ilitoka sauti ya daktari.

Ilikuwa sauti yake ya ofisini, ya mtu anayesomesha karani. Mzee alikuwa ameambiwa akae ameelekea ukuta, kama kila mwaka, na nyuma yake kengele zikawa zinapigwa. "Miaka ile alipoanza alisikia hii ndogo," sauti ikasema. "Baadaye akasikia hii ya kati tu. Sasa hata kubwa hasikii." Karani akauliza aandike nini. "Andika amezaliwa hivyo. Wote sita waandike hivyo. Ni agizo la juu, tumalize."

Mguu wa daktari ukalegea. Sindano ya mizunguko ikashuka mpaka elfu moja na mia tano.

"Dokta, mguu!" fundi akapiga kelele.

"Tuzime kidogo."

"Zima. Ni kamshafti yako. Ukizima sasa imekufa, na nyingine hupati, aliyekuwa akizinoa mlimfukuza."

Daktari alitazama boneti la gari la baba yake, lilivyokuwa likitetemeka vizuri kwenye jua la mlangoni. Alilipenda mno gari lile. Akakanyaga. Sindano ikapanda ikakaa kwenye elfu mbili, na sauti yake mwenyewe ikarudi kwa nguvu zaidi, ikiwa imefika mwaka mwingine, kengele nyingine, na tena "andika hivyo hivyo." Alikaa pale akiikanyagia resi. Watu wawili waliokuwa wakipita barabarani walisimama wakasikiliza, wakaenda zao.

Dakika ya kumi na nne ikatoka sauti ya mwanamke.

"Baba watoto," ikaita. Ikanyamaza. "Baba watoto, njoo." Ikanyamaza tena, kwa muda mrefu, na ilipokuja mara ya tatu ilikuwa chini sana, karibu na sakafu. "Njoo basi."

"Huyo si marehemu mama yako?" fundi viti akauliza.

"Ndiye."

Mama yake alianguka jikoni miaka mitatu iliyopita, mchana kweupe. Mzee alikuwa chumba cha pili, ameupa mlango mgongo, anapiga viatu rangi. Alipomaliza viatu vyote viwili na kuvipanga, akaenda jikoni kuuliza chai. Tangu siku hiyo hakuwahi kumwuliza mtu kama mkewe aliita, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kujua.

Sasa alikuwa ameinua kiganja kutoka kwenye mfuniko wa valvu. Alikuwa amemwona binti yake usoni.

"Kumetoka nini?" akauliza.

Fundi alichukua chaki. Aliwahi kufikiri kwamba siku akikutwa na swali la namna hii ataweza kudanganya, kwa wema. Akaandika juu ya bati, *Mama. Anakuita.*

"Mara ngapi?"

*Tatu.*

Mzee alisoma, akafuta kwa kiganja, akaendelea kufuta mahali ambapo palikuwa pameshakuwa safi. Kisha akauliza geji ya oili inasomaje. Fundi akamwandikia inasoma vizuri. Akarudisha mkono wake juu ya mfuniko.

Dakika ishirini zilipotimia daktari aliondoa mguu, injini ikashuka ikatulia, tamu, bila kugonga popote. Akaizima. Akatoka garini akajinyoosha.

"Inavuta vizuri sana," akasema. "Ila nadhani itahitaji sailensa kubwa zaidi kwenye bomba la moshi."

"Umesikia uliyoyasema humo?" fundi akamwuliza.

"Nimesikia. Ni sauti yangu, sikatai."

"Utakwenda kusema hivyo mbele ya kamati?"

"Nikiulizwa nitasema," daktari akajibu, na kwa kweli watu wa aina yake wakiulizwa husema.

Malalamiko ya nane yalipata tarehe. Kamati ya malalamiko ya kiwanda ilikuwa ya watu watatu, na iliketi kwenye chumba chenye pazia zito na meza ndefu iliyong'arishwa. Mzee alivaa shati la mikono mirefu akalifunga mpaka kifungo cha shingoni. Gari lilisogezwa chini ya dirisha, dereva wa kiwanda akaagizwa apige resi mpaka elfu mbili. Kamati ikasikiliza yote kwa utulivu. Katibu aliandika. Ilipotoka sauti ya mwanamke mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akamgeukia daktari.

"Dokta, ile ya kengele, ni sauti yako?"

"Ni yangu."

"Na uliyoyasema yalikuwa kweli?"

"Alikuwa akisikia vizuri alipoanza. Akapungukiwa mwaka hadi mwaka. Ndiyo."

"Ahsante sana," mwenyekiti akasema. "Umetusaidia."

Fundi alimshika baba yake kiwiko. Alikuwa na kijitabu, akaandika, *Amekubali.* Mzee alikisoma kile kijitabu akakirudia. Machozi yalimjaa na hakuyafuta, akabaki ameketi wima, kama mtoto wa shule aliyeambiwa amefaulu. Hawakujua kwamba hayo ndiyo yatakayomwangusha.

Barua mpya ilikuja baada ya siku kumi na mbili. Ilikuwa na mistari tisa, na lugha yake ilikuwa ya adabu kuliko ile ya kwanza. Kamati imeridhika pasi na shaka kwamba mlalamikaji alikuwa anasikia vizuri siku ya kuajiriwa. Kwa hiyo tuhuma ya kuficha uziwi wa kuzaliwa imefutwa. Hata hivyo, kanuni zinamtaka kila mfanyakazi anayepotelewa na kifaa au uwezo wa kazi atoe taarifa kwa maandishi ndani ya siku saba. Mlalamikaji alipotelewa na usikivu ndani ya eneo la kiwanda kwa zaidi ya miaka ishirini na hakutoa taarifa hata mara moja. Huo ni udanganyifu. Uamuzi wa kumwachisha kazi unabaki ulivyo. Sauti zilizomo ndani ya kamshafti ni sehemu ya bidhaa, na bidhaa ni mali ya aliyekabidhiwa.

Fundi aliisoma akiwa amesimama katikati ya gereji. Alipofika mwisho alichukua spana namba kumi na tisa akaitupa ukutani, ikabandua plasta. Fundi viti akaja mbio, akaisoma naye, akasema maneno ambayo hayaandikiki. Mzee aliichukua barua. Aliweka kidole juu ya lile neno, lilikuwa mstari wa saba sasa badala ya wa nne, akakiacha hapo.

"Wamelihamisha tu," akasema.

Jioni ile ile fundi alikwenda nyumbani kwa daktari. Alimkuta akiliosha gari mwenyewe kwa kitambaa laini. Akamwomba amrudishie kamshafti. Atamtafutia nyingine, atamfungia bure, atampimia digrii mpaka aridhike.

"Fundi, umeifunga vizuri mno," daktari akasema, na alikuwa akimsifu kwa moyo mweupe. "Limekuwa gari jingine. Siwezi kulifungua tena. Hivi inaweza kudumu muda gani?"

Fundi hakuwa na tabia ya kusema uongo juu ya injini. "Ukibadilisha oili kwa wakati," akasema, "kilomita laki moja na nusu."

"Basi itatuzika sote," daktari akacheka, na alipoona fundi hacheki, akaongeza kwamba ameshatia sailensa kubwa na siku hizi hasikii chochote. Fundi aligeuka akaondoka bila kuaga, na hilo pia daktari alilisamehe.

Chumba namba tatu kimepata mnoaji mpya, mama mmoja mwenye watoto wawili, aliyekabidhiwa jiwe la mzee. Vizibo vipo kabatini. Safari hii wanoaji wote wamesainishwa fomu ya kutoa taarifa ndani ya siku saba, na fomu zenyewe zinakaa kwenye kabati lile lile.

Na daktari, kila siku ya kazi saa kumi na nusu, hurudi nyumbani kwa barabara inayopita mbele ya gereji. Pale kuna kimlima kifupi. Hana budi kukanyaga, na injini hupita elfu mbili, na sailensa ile huzuia karibu yote, jirani na salamu zake, watoto, kengele, isipokuwa sauti moja. Yeye ndani ya gari haisikii. Huku nje inasikika vizuri.

"Baba watoto."

Fundi viti huacha sindano ndani ya ngozi. Mwenye baiskeli hushusha mguu chini. Wanawake wanaosubiri maji bombani hunyamaza, fundi huchomoa kichwa kwenye boneti, na wote, bila kukusudia, humgeukia mzee. Yeye huziona zile sura zikimgeukia. Siku za mwanzo alikuwa akimwuliza binti yake kwa macho. Siku hizi hamwulizi. Huidondosha bolti ndani ya beseni, hujifuta mikono kwenye suruali, hushika ukingo wa meza akasimama kwa haraka ambayo magoti yake hayaiwezi.

"Naam!" huitika kwa ile sauti yake isiyo na kipimo, inayofika mpaka bombani. "Naam, mke wangu, nakuja!"

Wakati huo gari limeshakata kona.